Kisangani Iamue Hatima ya Mashimo Yake Kabla ya Kuchimba

Nyumba nyingi za matofali mjini Kisangani zimetokana na udongo wa Kisangani wenyewe. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa mabondeni, kando ya vijito, mahali ambapo maji ya kukandia hayako mbali. Hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, hujazwa katika kalibu za mbao, matofali huanikwa chini ya majani ili jua lisiyapasue, kisha hupangwa yawe tanuru na kuchomwa kwa kuni za msituni. Tanuru likipoa, mzigo huondoka kwa baiskeli, kwa mkokoteni au kwa lori, ukawe ukuta Makiso, Kabondo au Mangobo. Shimo linabaki. Ni hivyo hivyo kwa udongo mwekundu unaoshindiliwa kwenye barabara za kwenda Buta, Ituri na Lubutu, na kwa mawe yanayopondwa kwa nyundo mpaka yawe kokoto. Mji wenye wakazi zaidi ya milioni moja hauwezi kukua bila kuchimba, na makala hii haimlaumu mchimbaji. Ninachodai ni kwamba shimo lililochimbwa ndani ya mji ni sehemu ya ardhi ya mji, na matumizi yake ya baadaye yaamuliwe kabla sepeto halijagusa udongo. Nadai pia kwamba kwa hali ya Kisangani, ndani ya shimo pawekwe maji, samaki na miti, na nyumba zijengwe ukingoni, kamwe zisijengwe chini.

Kuna wanaoona kwamba shimo lililoachwa ni shimo tu, halimdhuru mtu, na kwamba serikali ina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Lakini shimo halikai wazi likisubiri mipango. Mvua ya wastani wa karibu milimita 1,800 kwa mwaka hulijaza, na maji yaliyotuama juani, yasiyo na kivuli wala samaki, ndiyo mbu aina ya Anopheles gambiae anayapenda kuliko yote. Nchi yetu ni ya pili duniani, baada ya Nijeria, kwa idadi ya wagonjwa wa malaria. Utafiti uliofanywa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mashimo ya matofali yalikuwa miongoni mwa mazalio makuu ya mbu hao wakati wa kiangazi, majira ambayo watu hudhani mbu wamepungua. Yaani kazi inayompa mtu ukuta wa kudumu ndiyo inayomfugia homa mlangoni. Na pale ambapo maji hayakutangulia, takataka hutangulia. Jirani mmoja anatupa ndoo, wa pili anafuata, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na kitu kingine.

Nairobi inatuonyesha njia hiyo inakofikia. Jalala la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 katika machimbo ya zamani ya mawe. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori yaliendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya vipimo vya watoto na vijana 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jalala hilo, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kwamba watoto wa Dandora wanyweshwe risasi. Uamuzi ulikuwa mdogo sana: kuna shimo, kuna taka, basi taka ziende shimoni. Uamuzi wa namna hiyo ndio unaochukuliwa kimyakimya katika miji yetu kila siku, na gharama yake hulipwa na kizazi ambacho hakikuulizwa.

Katika nchi hiyo hiyo ya Kenya kuna shimo jingine lililopata bahati tofauti, nalo linastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu wengi hulitaja kama bustani nzuri tu bila kusema lilivyotengenezwa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe ya pwani. Kilichobaki kilikuwa sakafu nyeupe ya mwamba, isiyo na udongo, inayounguza kwa jua, yenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo tangu 1959, alipanda aina 26 za miti juu ya mwamba huo. Zilizopona ni tatu tu, na uliofanya kazi kubwa ni mvinje. Mvinje huvumilia chumvi, na mizizi yake huishi na bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo uliokwisha kunona. Ila palitokea tatizo: majani yake membamba kama sindano yalianguka yakalala pale pale juu ya mwamba bila kuoza. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji hakuna mti wa pili.

Jibu lilitoka kwa jongoo. Haller aliona jongoo mwenye miguu myekundu, yule anayejulikana sana pwani, akila yale majani makavu ya mvinje na kuyatoa yakiwa yamesagika, tayari kwa bakteria kumalizia kazi. Wakakusanywa jongoo kwa mamia, wakaachiwa chini ya miti. Hatua kwa hatua ukapatikana udongo, kisha majani ya chini, kisha ndege waliokuja na mbegu, mabwawa ya samaki, wanyama wala majani. Mwaka 1984 eneo likafunguliwa kwa umma, na mwaka 1999 likapewa jina la Haller Park. Desemba 2004 mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake karibu na Malindi alipelekwa hapo akaitwa Owen, akaandamana na kobe mzee aliyeitwa Mzee, na picha zao zikazunguka dunia nzima. Watu wengi wanaikumbuka hadithi ya Owen. Mimi nashikilia tarehe: kazi ya kupanda ilianza wakati mitambo bado inachimba jirani, na wakati kampuni bado ina mapato, wahandisi na malori. Mradi huo haukusubiri kiwanda kifungwe. Kama ungesubiri, nani angelipa?

Najua pingamizi linalofuata, nalo ni zito. Bamburi ilikuwa na kampuni ya saruji nyuma yake, na hata leo baada ya kampuni hiyo kununuliwa na kundi la Amsons la Tanzania mwishoni mwa 2024, bado kuna mwenye mali mmoja anayeweza kuulizwa. Kisangani haina mwenye mali wa namna hiyo. Ina wafyatua matofali wadogo wadogo, wapondaji mawe, wakandarasi wa barabara wanaokuja na kuondoka. Ni kweli. Lakini asili nayo imegawa kwa namna yake. Bamburi ilihangaika kutafuta udongo na kivuli; sisi tuna mvua karibu mwaka mzima, na msitu unaorudi wenyewe ukipewa nafasi. Shamba likiachwa hapa, miti ya parasolie huota bila kupandwa na kufunika ardhi kwa miaka michache. Palipo pagumu ni pale ambapo udongo wa juu uliondolewa wote na sakafu ikashindiliwa na mashine, kama kwenye mashimo ya udongo wa barabara. Huko mbegu haina pa kushika. Dawa yake si ghali. Mkandarasi aliyeleta tingatinga aweke kando udongo mweusi wa juu siku ya kwanza, na siku ya mwisho aurudishe na kuchimbuachimbua sakafu kabla ya kupakia mashine yake. Ukimwita baada ya miaka mitano kwa kazi hiyo hiyo, gharama ni kuleta mashine upya. Ukiiandika katika mkataba tangu mwanzo, ni kazi ya siku chache kwa mashine iliyopo.

Kwa mashimo ya matofali, ambayo ndiyo mengi, mshirika wetu ni samaki. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mdogo kutoka Kisii, Kenya, ambako watafiti waliwaweka perege wa mto Nili katika mabwawa yaliyotelekezwa. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Ulihusu mabwawa machache, na sitaki kuubebesha zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo unaelekeza kwenye jambo ambalo watu wa Kisangani tayari wana mikono yake, kwa kuwa ufugaji wa tilapia katika mabwawa ya mabondeni si mgeni hapa. Fundi wa matofali akichimba kwa kufuata kamba, kwa kina kinachofanana, kingo zikiwa na mteremko wa taratibu badala ya ukuta wa wima, na akiacha njia ya maji kuingia na kutoka, siku anapohama anakuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi ya kutengeneza bwawa. Akichimba ovyo, hapa futi mbili, pale mita tatu, anaacha vidimbwi vya mbu. Idadi ya matofali ni ile ile. Katika mji uliozungukwa na mito lakini unaokula kwa wingi samaki wa barafu kutoka ng'ambo, bwawa la kartie haliwezi kudharauliwa.

Na juu ya bwawa kuwe na miti ambayo watu watailinda kwa sababu wanaila. Bustani za mjini tulizoachiwa na wakoloni zilikuwa za kutazama. Zilipokosa mlinzi zikakosa mwenyewe. Mti wa matunda ya safu unapandwa, avokado inapandwa, michikichi inapandwa. Na kwa nini tusipande miti ya viwavi? Sapelli hulisha viwavi ambavyo kila mama wa sokoni anavijua kwa jina na kwa bei. Sapelli hukua polepole na aliyeipanda huenda asivune, ila mji ni wa vizazi. Wataalamu hatuna haja ya kuwatafuta mbali: Chuo Kikuu cha Kisangani kipo tangu 1963, na kituo cha utafiti cha Yangambi, kiasi cha kilomita 100 tu kwa kuteremka mto, kimekuwa kikichunguza miti na udongo wa msitu huu tangu miaka ya 1930. Maarifa yaliyomgharimu Haller aina 23 za miti ili apate tatu, sisi tunayo maktabani.

Sasa nyumba. Hapa ndipo hamu ni kubwa na hatari ni kubwa. Ardhi ndani ya mji ni adimu, familia zinatafuta parseli, na shimo lililokauka linaonekana kama kiwanja cha bure. Wapo watakaoniambia kwamba kupanda miti mahali ambapo mtu angeweza kulala ni anasa. Nawajibu kwa maumbile ya ardhi yenyewe. Shimo ndilo sehemu ya chini kuliko zote katika kartie, kwa hiyo maji ya kila paa na kila avenyu huteremkia humo. Likifukiwa kwa kifusi na taka bila kushindiliwa, hushuka mwaka hadi mwaka na kuta hupasuka. Ukuta wa machimbo uliokatwa wima, ukilowa, huporomoka. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 mjini Kinshasa, wengi katika vilima vya Mont-Ngafula na jirani zake, ambako watu walijenga kwenye miteremko ambayo ardhi yake haikuwa tayari kubeba nyumba. Hao hawakuwa wajinga. Walikwenda mahali pekee walipoweza kumudu. Kuwaruhusu maskini wa Kisangani washuke mashimoni ni kuwapa maafa kwa jina la makazi.

Paris ilikabiliana na swali hili karne moja na nusu iliyopita. Buttes-Chaumont ilikuwa machimbo ya jasi yaliyogeuka jalala, ardhi iliyotobolewa ndani kwa ndani kiasi kwamba haikufaa kwa majengo. Serikali ya Napoleon III ikaifanya bustani ya hekta zipatazo 25, iliyofunguliwa mwaka 1867, ikiwa na ziwa mahali palipochimbwa. Nyumba zikajengwa kuizunguka. Curitiba nchini Brazil, mji uliosifika kwa kufanya mambo makubwa bila fedha nyingi, iliweka jumba la tamthilia ndani ya machimbo ya zamani mwaka 1992, na mwaka 1996 ikafungua bustani ya Tanguá katika mashimo mawili yaliyounganishwa kwa handaki. Miji hiyo miwili haifanani kwa lolote, lakini yote iliachia maji na miti mahali palipochimbwa, ikaishi pembeni. Kisangani ikifanya hivyo, parseli za ukingoni zitapata thamani ambayo leo hazina. Sehemu ya thamani hiyo, ikikusanywa na komuni wakati wa kugawa viwanja, inaweza kulipia mifereji, miti na mlinzi. Na kwa kuwa thamani ikipanda maskini husukumwa nje, idadi fulani ya parseli hizo itengwe kwa familia zilizokuwa zikiishi hapo na kwa waliochimba. Hilo liandikwe mapema pia, kwa sababu baada ya miti kukua hakuna atakayelikumbuka.

Mtu ataniuliza sheria iko wapi. Ipo. Kanuni ya Madini ya 11 Julai 2002, iliyorekebishwa na sheria ya 9 Machi 2018, inahusu pia machimbo ya vifaa vya ujenzi. Inamtaka mwenye kibali awe na mpango wa kurekebisha mahali alipochimba, na aweke dhamana ya fedha kwa ajili hiyo. Kwa vifaa vya ujenzi vya matumizi ya kawaida, waziri wa madini wa mkoa ana mamlaka juu ya vibali. Yaani sehemu kubwa ya jambo hili haiihitaji Kinshasa. Pengo liko mahali pawili. Kwanza, mchimbaji mdogo hana kibali, kwa hiyo hana mpango wala dhamana, na si haki kumtoza kana kwamba ni kampuni. Huyu aunganishwe na wenzake katika ushirika wa bonde moja, komuni iwapimie mahali pa kuchimba na mahali pa kuishia, na malipo yao yawe kazi: kulainisha kingo na kupanda miti, kwa kubadilishana na haki ya kuvua katika bwawa wanaloliacha. Pili, mpango unapokuwapo huishia kwenye karatasi, kwa kuwa hakuna anayekwenda kupima shimo siku ya kufunga.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote halihusu fedha. Linahusu wizi wa ardhi. Raia wa Kongo ameona viwanja vya michezo, viwanja vya shule na hata makaburi vikikatwa parseli, na anajua kwamba eneo likishapendeza, mtu mwenye karatasi atatokea. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya dola, lakini vijijini na pembezoni mwa miji watu wanaishi kwa haki za kimila, na pengo kati ya hizo mbili limekwisha kumwaga damu. Mgogoro kati ya jamii za Wambole na Walengola, uliolipuka Februari 2023 upande wa pili wa mto Kongo na kuwakimbiza maelfu ya watu, ulianzia kwenye ardhi iliyotolewa kwa mwekezaji. Kwa hiyo mti wowote usipandwe kabla mipaka ya shimo haijapimwa mbele ya wakazi, mbele ya mkuu wa kimila palipo na mkuu, na kuandikwa kwenye kadastre kama mali ya umma isiyogawika. Nakala ibandikwe kwenye ofisi ya komuni ambapo kila mpita njia ataisoma. Utaratibu huu utachelewesha kazi kwa miezi, na miezi hiyo ni bei ndogo.

Kuhusu watoto kuzama, wazazi wana haki ya kuogopa. Bwawa lenye kingo za taratibu, lenye maji ya kina kifupi pembezoni na mtu anayelilinda kwa sababu samaki ni wake, ni salama kuliko shimo la wima lililojaa maji ya mvua ambalo leo watoto wanaogelea bila mtu yeyote kuangalia.

Mheshimiwa gavana, mheshimiwa meya, na nyinyi waheshimiwa wabunge wa mkoa wa Tshopo: kila komuni kati ya sita za mji huu ichague shimo moja lililokwisha kuachwa, lipimwe na liandikishwe mwaka huu, na wachimbaji wa hapo wapewe kazi ya kulitengeneza. Na kuanzia sasa kisisainiwe kibali chochote cha udongo, mawe au mchanga ndani ya mipaka ya mji kisichokuwa na ramani inayoonyesha mahali hapo patakuwa nini siku mchimbaji atakapoondoka, na jina la atakayekuja kukagua.